Mtu wa Kwenye Mafunjo

Ofumbi alikuwa na kazi ambayo hakuitaja popote, si kanisani, si kwenye pombe. Wageni wa hifadhi walipopanda mnara wa mbao kuwatazama nzohe, wale swala wa majini wenye kwato ndefu na manyoya yaliyolowa, yeye alikuwa chini, katikati ya mafunjo, maji yakimfika kiunoni, akingoja mluzi. Mluzi ukilia, alianza kuwasogeza wanyama polepole kwa kutikisa mabua na kukohoa kidogo, mpaka wajitokeze penye uwazi mbele ya mnara. Huko juu watu walishangilia, wakapiga picha, wakamsifu Mungu kwa uumbaji wake. Yeye alirudi kinyumenyume bila kuinua kichwa, akienda akibandua ruba mapajani.

Nzohe ni mnyama wa aibu. Akihisi mtu, huzama akabakiza pua, na unaweza kukaa mnarani kutwa nzima usione ila majani na kunguru. Chrispinus, tajiri wa malori aliyelinunua bonde lile kati ya Sop Sop na njia ya Malaba na kulifanya hifadhi, aliona mapema kwamba wageni wakiondoka wamenuna hawarudi tena.

"Hakuna mtu atakayetoka Busia kuja kutazama majani," alimwambia Ofumbi siku alipomchukua kazini. "Wewe umekulia humu, unajua wanalala wapi. Watoe. Lakini wageni wasikuone. Wakikuona wewe, basi hawajaona pori."

Ni kweli alikulia humo. Kabla ya ua wa seng'enge, baba yake alichunga ng'ombe kandokando ya bonde lile, na Ofumbi mwenyewe alivua kamongo, samaki wa matopeni, humo kwa mkuki tangu akiwa kijana. Bonde lilipouzwa hakuna aliyemuuliza. Aliposikia kuna kazi, alikwenda kuiomba kwa aliyelinunua, na akamshukuru.

Maji yalimla miguu. Kucha zilidondoka moja baada ya nyingine, nyama ya katikati ya vidole ikawa nyeupe na kupasuka, na ikatoa harufu ambayo sabuni haikuiweza. Viatu vikawa havimwingii. Kanisani alikaa mlangoni. Kwenye pombe ya mtama, wazee walimwekea kigoda upande ambao upepo unaelekea, wakacheka, naye akacheka pamoja nao, akinyonya mrija wake. Mkewe, Anjeline, alihamishia mkeka wake chumba cha pili, akasema ni kwa sababu ya joto.

Alikuwa na mtoto mmoja aliyebaki, Apio. Pacha wake, Adongo, hakumaliza mwaka. Apio alisoma hadi kidato cha nne, kisha akapata kazi katika duka la vitenge Busia, upande wa Kenya, akapanga chumba hukohuko. Ofumbi alimwambia kwamba yeye ni askari wa hifadhi. Hata alimwomba Phillip, kijana aliyewaongoza wageni, amwazime koti na kofia, akasimama mbele ya lango, akapigwa picha kuanzia magotini kwenda juu, nayo ikatumwa kwa simu. Apio alijibu, "Umependeza, Baba." Neno hilo alitembea nalo mwezi mzima.

Kisha ikaja habari kwamba Apio amepata mchumba, Osborn, wakala wa kupitisha mizigo pale Malaba, na kwamba watu wa Osborn watakuja nyumbani kujitambulisha mazao yakishavunwa. Ofumbi akamtenga fahali mmoja, akamlisha majani ya viazi na chumvi. Akaipaka nyumba udongo upya, ndani na nje. Kwa fundi wa Malaba akaagiza ndala pana za tairi, akasema zisifunge mbele.

Anjeline alikuwa akimtazama akihangaika, kisha akirudi jikoni.

Siku moja kabla ya mavuno, ilikuwa sikukuu ya serikali na wageni wa hifadhi walikuwa wengi. Ofumbi aliingia majini asubuhi, akatoa wanyama kwa kundi la kwanza na la pili, akapumzika juu ya kichuguu cha matope. Kundi la tatu lilikuwa dogo. Alisikia ngazi ikilia, na sauti ya mama mtu mzima ikihema.

"Phillip, mwanangu, ngazi hii itatubeba kweli?"

"Imebeba hata waheshimiwa, Mama. Panda tu."

"Shika mkono wangu, Mama," ikasema sauti nyingine.

Ofumbi aliinua kichwa. Juu ya maji sauti husafiri kama imesemwa sikioni mwako, na tangu aanze kazi ile alikuwa amesikia mengi kutoka mnarani: wachumba wakiachana, ndugu wakigombania shamba, mchungaji mmoja akinena kwa simu maneno ambayo mchungaji hayaneni. Lakini sauti hii hakuhitaji kuisikiliza mara mbili. Ilikuwa ya Apio.

Furaha ilimpanda mpaka akataka kucheka. Aliwaza kwamba Apio amemuulizia langoni, kwamba Phillip anampeleka juu apumzike kwanza, kisha watamwita. Akachota maji ya matope kwa viganja vyote viwili, akanawa uso.

"Mahali pazuri jamani," alisema yule mama. Osborn, mwanawe aliyepanda naye, alikuwa akimwita Mama Bridgit kwa utani, jina lake la ubatizo, naye akawa anamchapa begani kwa mapenzi. "Angalia hewa hii. Apio mwanangu, baba yako angekuwa hai angepapenda hapa."

"Sana, Mama," Apio alijibu. "Baba alipenda ndege. Jumapili baada ya ibada alikuwa anatupeleka mtoni kuwatazama."

Ofumbi hakuwahi kumpeleka mtu yeyote kutazama ndege.

"Osborn aliniambia alikuwa mwalimu mkuu."

"Msaidizi," Apio alisema kwa unyenyekevu. "Alikuwa mwalimu mkuu msaidizi."

"Na ni kifua kilichomwondoa."

"Kifua, Mama. Alikohoa mwaka mzima. Siku ya mwisho alinishika mkono hivi, akaniambia, 'Apio, soma.' Halafu akageukia ukutani." Sauti yake ilikatika, na haikuwa ya kuigiza. Alikuwa analia kweli.

"Pole, mama. Pole sana. Na mazishi?"

"Watu walijaa, hata barabara ikafungwa. Wanafunzi walikuja na sare zao."

Ofumbi alisimama ndani ya maji akisikiliza. Ruba mmoja alikuwa amemshika nyuma ya goti naye hakumwondoa. Jambo lililomwaibisha baadaye, kila alipolikumbuka, ni kwamba kwa kitambo alitamani Apio aendelee, aseme nani alihutubia na ni nyimbo gani ziliimbwa.

"Basi usilie," alisema Osborn. "Ni mimi niliyewalazimisha kuja, na tumekuja kuona wanyama. Phillip, wako wapi hao wanyama wenu?"

"Tulieni. Sasa hivi wanatoka."

Mluzi ukalia. Ofumbi hakusogea.

Mluzi ukalia tena. "Wanyama wa leo wavivu," Phillip alisema, akacheka peke yake.

Mara ya tatu aliondoka. Lakini hakuzunguka nyuma ya wanyama kama kazi ilivyotaka. Alikwenda mbele moja kwa moja, akiyapasua mafunjo kwa kifua. Nzohe walimsikia, wakaruka kwa kishindo upande wa pili na kuzama. Alikuwa anakwenda kufanya nini, yeye mwenyewe hakujua. Mabua yaliisha ghafla, jua likampiga usoni, akajikuta amesimama penye uwazi chini ya mnara, uchi kuanzia kiunoni kwenda juu, matope yamemkauka begani.

"Kuna mtu!" Mama Bridgit alisema.

Watatu hao walimtazama, na Phillip alimtazama, mdomo wazi. Phillip alikuwa na kichwa chepesi. Aliona mbele yake wageni watakaokwenda kusimulia kwamba nzohe wa hifadhi huswagwa kama mbuzi wa mnada. Akakamata kingo za mnara kwa mikono miwili, akapiga kelele.

"Jangili! Jangili huyo! Mkamateni!"

Askari wawili wa langoni walikuja mbio. Walimjua Ofumbi, walikula naye kila mchana, kwa hiyo waliposhika mikono yake walisita. Lakini Osborn alikuwa ameshateremka, amekunja suruali, ameingia kwenye matope na viatu vyake vya safari, na yeye hakusita. Teke lake la kwanza lilimpata Ofumbi mbavuni.

"Nyinyi ndio mnaomaliza wanyama wetu! Watoto wetu wataona nini?"

Ikabidi na wengine wapige. Phillip aliteremka akampiga kofi kubwa, akamwinamia kana kwamba anamkagua mfukoni. "Mzee, vumilia tu," alinong'ona. "Hawa wanakwenda sasa hivi. Tutaongea." Kisha akampiga jingine.

"Mpigeni, lakini msimuue," Mama Bridgit alisema kutoka juu, kwa sauti ya huruma.

Askari mmoja alitumwa stoo, akarudi na mtego wa waya wenye kutu uliookotwa zamani. Wakamvisha shingoni. Osborn alitoa simu.

"Mzee, inua mikono. Juu zaidi. Tazama huku."

Ofumbi hakutazama kwenye simu. Alitazama ngazi. Apio alikuwa ameshuka hadi kati, amekumbatia mkoba kifuani, kucha zake zimepakwa rangi ya zambarau. Macho yao yalikutana. Hakumkasirikia wakati ule. Alingoja tu, kama mtu aliyeanguka barabarani anavyongoja wa kwanza kumfikia.

"Mbona umeganda?" Osborn alimuuliza. "Unamjua?"

"Nimjulie wapi?" Apio alisema. Akaziba pua kwa ncha ya kitambaa chake. "Ananuka. Twendeni, jua kali."

Picha ile ilifika Malaba kabla Osborn mwenyewe hajafika. Madereva waliokwama kwenye foleni ya malori walitumiana. Waliopita daraja la Busia asubuhi na vikapu vyao waliiona, na kila aliyeiona aliongeza neno lake: kwamba ana bunduki, kwamba ameua kundi zima. Wakubwa wa wilaya walimpigia simu Chrispinus kumpongeza. Naye akaja stoo, alikofungiwa Ofumbi, akiwa amebeba soda na mkate.

"Ofumbi, nimefikiria sana," alisema, akikaa juu ya gunia. "Nikisema wewe ni mtu wangu, watauliza ulikuwa unafanya nini majini. Hifadhi inakufa, na wenzako wote wanakosa kazi. Wewe utakwenda ndani kidogo. Utakubali kosa, wataona umejuta. Nyumba yako nitaiangalia mimi."

"Na nikikataa, bosi?"

Chrispinus alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Utakwenda ndani vilevile. Ila nyumba sitaiangalia."

Anjeline alikuja kituo cha polisi, alikohamishiwa Ofumbi, na ugali na mboga katika bakuli la plastiki. Ofumbi alikula kwanza, maana njaa ilimshinda. Kisha akamweleza yote, na alipofika mahali pa mazishi na wanafunzi na sare zao, aliona mkewe ametazama chini na anang'oa uzi kwenye ukingo wa kanga.

"Nilijua," Anjeline alisema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba amewaambia umekufa. Ni mimi niliyemwambia aseme kifua. Yeye alitaka kusema ajali, nikamwambia ajali watataka kujua gari la nani."

Ofumbi aliweka bakuli chini. "Nilikufanyia nini?"

"Hukunifanyia kitu. Wale watu wana zulia, Ofumbi. Nimelikanyaga. Mama yake anavua viatu mlangoni, na kila mgeni anavua viatu mlangoni. Nilikaa pale nikawaza wewe unaingia, unavua." Aliinua macho, nayo yalikuwa makavu. "Mtoto amepata bahati moja. Ungefanya nini ungekuwa mimi?"

Alichukua bakuli, akalifuta kwa majani, akaenda zake.

Mbele ya hakimu Ofumbi alikubali kila alichosomewa. Walimuuliza kama ana la kusema akasema hana. Alikaa jela misimu mitatu ya kupanda. Anjeline alimtembelea mara moja tu, akamwambia harusi ilikwenda vizuri, Oketcho, mdogo wake Ofumbi, aliwapokea wageni kwenye boma lake, akasimama kama baba na kuongea vizuri, na fahali alitosha. Alisema hivyo, "fahali alitosha," kwa kuridhika kwa mama wa nyumbani ambaye hakuna mgeni wake aliyelala njaa.

Jambo moja lilimshangaza kule ndani. Sakafu ilikuwa kavu na kazi ilikuwa ya shamba la juu, penye changarawe. Miguu ikapona. Ngozi ikarudi, kucha zikaota upya, zilizopinda lakini kucha. Siku ya kutoka alivaa viatu vya mtu mwingine, vikamwingia.

Alifika nyumbani mchana. Mlangoni hapakuwa na mtu. Akazunguka nyuma kutafuta maji, na huko, kati ya jiko na migomba, akakuta kaburi. Lilikuwa refu, la saruji laini iliyopigwa vizuri, na kwenye kichwa chake mtu alikuwa ameandika kwa msumari kabla halijakauka: Mwl. Ofumbi. Pumzika kwa amani.

Anjeline alitokea na mtungi kichwani. Hakushtuka sana.

"Mama Bridgit amekuwa akitaka kuja kumwombea marehemu," alisema akitua mtungi. "Alitaka tangu harusi. Tumemzungusha mpaka tumechoka. Mwishowe Oketcho akasema ni lazima pawe na kitu cha kumwonyesha."

"Saruji mlitoa wapi?"

"Bosi wako alileta mifuko. Alisema aliahidi kuiangalia nyumba."

Ofumbi alikaa ukingoni mwa kaburi kwa kuwa hapakuwa na kigoda karibu. Lilikuwa limeshika joto la jua. Jioni Oketcho akaja, akamkumbatia, akalia kidogo, kisha akaanza kumsihi. Watu wa Osborn wanakuja Jumamosi, na katekista wa hapa ameshaambiwa. Chakula kimeshaagizwa. Ni siku moja tu.

"Nenda Sikuda kwa shemeji, kaka. Urudi jioni. Wakishaomba wameomba, hawatakuja tena."

"Na nikirudi nitakuwa nani?"

Oketcho hakuwa amefikiria hilo. "Utakuwa ndugu," alisema. "Tutasema wewe ni ndugu wa marehemu."

Jumamosi ile, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, Ofumbi aliondoka na jembe begani ili aonekane anakwenda kibaruani. Kwenye kona ya bonde alikuta gari dogo jeupe limezama hadi kwenye vyuma vya magurudumu. Osborn alikuwa nje, mikono imejaa matope, akilaani barabara za Uganda. Alimwona Ofumbi akamwita.

"Mzee wangu, tusaidie. Sukuma kidogo tu."

Hakumtambua. Jela ilikuwa imemkondesha na kumnyoa, na safari hii alikuwa amevaa shati na viatu. Ofumbi aliweka jembe kando, akachimba udongo mbele ya magurudumu, akaweka mawe, kisha akasukuma, bega kwa bega na mkwewe, mpaka gari likatoka.

Kioo cha nyuma kilishuka. Mama Bridgit alikuwa amevaa gauni jeupe la kanisani na ameshika rozari. Kando yake Apio alikuwa na mtoto mapajani, na uso wake ulikuwa umegeukia upande wa pili, kwenye mashamba ya watu.

"Mungu akubariki sana, mzee," alisema Mama Bridgit. "Wewe ni wa hukuhuku?"

"Wa hukuhuku, Mama."

"Basi lazima ulimjua marehemu mwalimu Ofumbi. Huyu ndiye binti yake. Na huyu hapa," alimwinua mtoto kidogo, "tumempa jina lake. Ofumbi mdogo."

Mtoto alikuwa mnene, ana mate kidevuni. Alimtazama yule mzee wa barabarani akamcheka. Ofumbi alikuwa amekubali kwenda Sikuda. Alikuwa amekubali yote mpaka pale, na pengine kama mtoto asingecheka angeitikia tu, akachukua jembe, akaenda. Lakini alijiona amekufa na nafasi yake imeshachukuliwa.

"Nilimjua," alisema. "Hakuwa mwalimu. Alikuwa jangili. Alikamatwa kule hifadhini, wakamvisha waya shingoni, picha yake ikaenea Malaba nzima. Huyu kijana wako anaijua. Ndiye aliyeipiga."

Osborn aliacha kupangusa mikono. "Unasema nini wewe?"

"Muulize alimpiga teke upande gani."

Mama Bridgit alimtazama mwanawe, kisha yule mzee. Bado hakuwa ameelewa. Huenda asingeelewa kabisa, angedhani ni mlevi wa asubuhi, wangeendelea na safari yao na kulisalia kaburi. Lakini Apio aligeuka, uso umelowa, akanyoosha mkono kupitia mbele ya mama mkwe wake kama anayetaka kumziba mtu mdomo.

"Baba, basi," alisema. "Baba, nyamaza, nakuomba."

Neno lilishatoka. Osborn alimkaribia Ofumbi, akamtazama usoni kwa karibu, halafu mbavuni, na rangi ikamtoka.

Mama Bridgit hakupiga kelele. Alikuwa mtu wa kanisa na alijua kujizuia. Alimchukua mtoto mapajani mwa Apio, akamfunga vizuri katika shuka lake, akanyoosha mkono akafungua mlango wa upande wa pili.

"Shuka," alisema.

"Mama, niache nieleze."

"Nimelia na wewe," alisema Mama Bridgit. "Usiku kucha nimepiga magoti na wewe kwa ajili ya mtu huyu. Shuka, Apio. Osborn, geuza gari."

Osborn aligeuza. Alifanya hivyo polepole, akiangalia asizame tena, na hakumtazama mkewe hata kwenye kioo. Mtoto alianza kulia gari lilipopanda kilima, na kilio chake kilisikika muda mrefu.

Apio alikuwa amesimama kwenye matope na viatu vya kisigino. "Umeniua," alimwambia baba yake.

Ofumbi aliokota jembe. Kulikuwa na mengi ya kujibu, na yote yalikuwa kweli, lakini alimwona jinsi anavyotetemeka na hakupata furaha yoyote aliyokuwa ameitarajia. Akaenda Sikuda, kwa sababu shemeji alikuwa ameambiwa amngoje na ameshachinja kuku. Hakugeuka nyuma. Aliporudi jioni alikuta majirani wamekula chakula cha maombi, katekista ameondoka na sufuria ya nyama, na Apio amelala chumba cha pili kwenye mkeka wa mama yake, amegeukia ukutani.

Apio hakurudi tena Malaba. Wazee walikwenda, Oketcho akiwa mbele, wakasikilizwa kwa adabu, wakapewa chai, wakarudishwa. Mtoto yuko kwa Mama Bridgit. Apio huruhusiwa kumwona, siku zingine akikuta wapo, siku zingine akikuta kufuli. Huuza nyanya na vitunguu mpakani, akivuka na beseni kichwani pamoja na wanawake wengine, na akiona mtu wa ofisi za mizigo hushusha kitambaa usoni. Chrispinus alimtuma Phillip kuuliza kama Ofumbi atarudi kazini, kwa sababu aliyemfuata alikuwa mwoga wa nyoka na wageni hawaoni kitu. Ofumbi alimkaribisha Phillip chai, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia hapana.

Yeye na Apio hawajawahi kulizungumzia lile. Wanaongea habari za kuku, mbolea, dawa ya mchwa. Anjeline ndiye anayeongea kwa niaba ya wote watatu, na anaongea mchana kutwa.

Kaburi halikubomolewa. Oketcho alikuja na nyundo mara moja akaona saruji ni nzuri mno. Katika boma lile lote hapakuwa na mahali pengine penye saruji, kwa hiyo Anjeline alianza kuanikia mihogo juu yake, na baadaye mtama na mbegu za karanga, kwa kuwa hapapandi mchanga na kuku wanaonekana kutoka jikoni. Maandishi yanasomeka bado mihogo ikiwa michache. Wingu likifunga upande wa Tororo na upepo ukaanza kubeba vumbi, Ofumbi na Apio hukimbilia huko kutoka pande mbili, wakapiga magoti, wakaianua mihogo haraka haraka na kuijaza kwenye magunia kabla ya matone ya kwanza, bila kuambiana neno.